Meli ya Bi Barafu

Shangazi yangu hakuwahi kufunga mlango wowote bila kwanza kuingiza kichwa ndani na kuita, "Kuna mtu?" Aliita kwenye ghala alilofanyia kazi, ambako ilikuwa lazima, na aliita nyumbani, ambako hapakuwa na sababu yoyote. Aliliita kabati la nguo. Aliita stoo, choo kitupu, buti la gari. Siku moja nilimshuhudia akiinama kuliita jiko la umeme kabla ya kulifunga. Wajukuu wake walizoea kumjibu kutoka popote walipokuwa, "Yupo panya, Bibi!" naye akisema bila kucheka, "Mwambieni atoke, nafunga."

Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye ghala la baridi, jengo refu lisilo na madirisha ambamo samaki na nyama hulala wakisubiri kusafirishwa. Aliingia akiwa mfagiaji wa korido, akastaafu akiwa msimamizi wa zamu. Chumba kikubwa cha ndani kilikaa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, mchana na usiku, mwaka mzima. Nje jua linapasua kichwa. Ndani vinyweleo vya puani vinaganda. Majirani walimwona akitoka saa saba mchana na koti zito mkononi, wao wakiwa wamekaa barazani wanajipepea kwa magazeti, wakamwita Bi Barafu. Alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea cheti, na mwisho hata sisi wa damu yake tulilitumia.

Zamu yake ilikuwa na utaratibu wake. Hakuna aliyeingia chumba cha ndani peke yake. Watu walipangwa wawili wawili, na kazi ya kila mmoja ilikuwa kumtazama mwenzake masikio na ncha ya pua, kwa kuwa, alivyosema, Mungu hakumpa mtu jicho la kutazama sikio lake mwenyewe. Na yeyote ambaye baridi ingemfika kwanza, alitakiwa kusema neno moja tu, "Imenifika," hapo kundi zima linatoka. Halitoki na aliyeweza kuvumilia hadi mwisho. Linatoka na wa kwanza, bila swali wala mzaha.

Walikuwapo wanaume walioona hilo ni aibu. Aliwahi kunisimulia juu ya mmoja, mpya kazini, kifua kama mlango, aliyesema, "Bi mkubwa, yaani sisi wote tutoke kwa ajili ya huyu mwembamba?"

Shangazi akamjibu, "Leo mwembamba ni yeye. Kesho utakuwa wewe. Toka."

Katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa zamu yake aliyepoteza hata ncha ya kidole. Alikuwa akilisema jambo hilo polepole, huku ameinua kidevu, kama mtu anayetaja daraja alilopata kwenye mtihani. Nami nilipokuwa chuoni, nikisoma vitabu vinene kuhusu uongozi, mara nyingi nilikifunga kitabu nikamkumbuka yeye na lile neno lake moja.

Lakini kazi ya zamu hula familia kidogo kidogo, kama panya anavyokula sabuni. Alikuwa na watoto wanne. Alipokuwa nyumbani, wao walikuwa shuleni. Walipokuwa nyumbani wamelala, yeye alikuwa kazini. Harusi ya mwanawe wa kwanza aliifikia mwishoni, chini ya gauni la hariri akiwa bado na mabuti ya ghala. Baadaye watoto nao wakapata kazi za zamu: mmoja dereva wa malori ya masafa, mwingine muuguzi, na wengine wawili vivyo hivyo, leo yupo, kesho hayupo. Wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Haikuwahi kutokea hata siku moja watu wote wa nyumba ile wakawa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Daima kulikuwa na kiti kitupu, na mara nyingi kilikuwa cha kwake.

Mwaka aliotimiza miaka sitini na sita alituita kwa chai. Tulikuja wale tulioweza. Akamimina, akaketi, akasema, "Nataka kwenda kwa meli, huko kwenye nchi za barafu. Nataka kuona baridi isiyonguruma."

"Mama, baridi gani inanguruma?" aliuliza mwanawe wa kwanza, ambaye sote tulimwita Dereva.

"Ninayoijua mimi. Mtambo ukizimika, na baridi imekwisha. Nataka kuona ile ambayo hakuna mtu anayeiwasha."

Dereva alikuna kichwa. "Wenzako wakistaafu wananunua kuku. Wewe unataka kununua mafua."

"Kuku nimewabeba miaka thelathini na mmoja, wamegandishwa. Sina hamu nao."

Tulicheka, naye akangoja tumalize. Kisha akatoa sharti lake, na hakulibadilisha tena. Tungekwenda wote kumi na tisa: yeye, watoto wake wanne na wenzi wao, wajukuu tisa, na mimi. Wote tungeshuka kukanyaga theluji siku moja, saa moja, mahali pamoja. "Meli itakayoniachia hata mtu mmoja dirishani anapunga mkono," alisema, "siitaki hata kwa zawadi."

Habari za gharama sitazieleza. Zilitoka kwenye kiinua mgongo chake na mifuko ya watoto wake, na yeye mwenyewe alichukia hadithi za safari zinazoishia kwenye bei.

Kumsindikiza kwa wakala wa safari kuliniangukia mimi, kwa sababu nimesoma na kwa sababu sina mtoto wa kumwachia mtu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Feni moja, meza moja, na picha za fukwe ukutani zilizokunjamana kwa joto. Wakala alikuwa binti mdogo mwenye kucha nzuri, aliyezoea kuwauzia wafanyabiashara tiketi za ndege. Alitupangia vijitabu mezani na kuanza kutueleza habari za muziki na taa za rangi. Shangazi alimsikiliza kwa adabu, kisha akafungua daftari lake.

"Mwanangu, glovu za mtoto zikilowa, zinaanikwa wapi?"

Binti akatabasamu. "Samahani?"

"Glovu. Mtoto ameshika theluji, glovu imelowa. Kesho asubuhi anavaa nini? Andika. La pili: jaketi la kuokolea la mtoto wa miaka minne lipo, au mnamvalisha la mtu mzima akitumbukia linabaki juu yeye anakwenda chini? La tatu: mlango wa kutokea kwenye sitaha, mkono wa mtoto wa miaka sita unaweza kuusukuma? Maana ukiweza, nataka kujua nani anaulinda. La nne: wakati wa kula, tunakaa meza moja kumi na tisa, au mnatutawanya kama karanga?"

Kufikia swali la kumi na moja binti alikuwa ameacha kutabasamu na ameanza kuandika kwa bidii. Tulirudi pale mara nne. Mara ya tatu alikuwa ametununulia maji ya kunywa kabla hatujafika, na nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu, "Siwezi sasa, nina Bi mkubwa wa glovu."

Vilibaki vijitabu vitatu. Meli ya kwanza ilikuwa kubwa kama mtaa: watu elfu tatu, mabwawa ya maji moto, mabomba ya kuteleza yanayozunguka bomba la moshi. Barafu ungeiona kwa mbali, kikombe mkononi. Waliotaka kukanyaga theluji wangegawanywa kwenye mabasi kwa siku tofauti, kulingana na umri na nafasi. Meli ya pili ilikuwa ndogo, watu mia moja tu. Yenyewe ilisogea hadi kwenye barafu, kisha abiria wanashushwa kwa boti za mpira. Ilipokea watoto kuanzia miaka minne, ila kila mzunguko wa boti ulikuwa saa moja na nusu kwenye upepo, bila paa. Kijitabu cha tatu kilikuwa chembamba, picha zake zimefifia, na binti alikisukuma chini ya vingine. "Hiyo ni meli ya kazi tu," alisema. "Inabeba mizigo na barua za watu wa pwani ya huko. Nimeiweka ili orodha itimie."

Nyumbani mjadala ulichukua moto. Watoto wa Dereva waliona picha za mabomba ya kuteleza, na kuanzia hapo hawakulala. Dereva mwenyewe aliwaunga mkono, ingawa alijidai anawasemea tu.

"Mama, mabasi yana ubaya gani? Wengine leo, wengine kesho. Theluji ni ileile."

"Theluji ni ileile. Watu siyo walewale." Akaweka kidole kwenye meli ndogo. "Hii. Boti moja ya kwanza, boti moja ya pili, zinaongozana. Wote chini kwa mara moja."

Binti yake wa mwisho, yule muuguzi, alimshika mwanawe mabegani. Mwanawe alikuwa msichana wa miaka minne, mfupi na wa mviringo, tuliyemwita Kifungo. "Mama, huyu akila aiskrimu anakohoa wiki nzima. Saa moja na nusu kwenye upepo?"

Swali hilo liligeuka kuwa swali la familia nzima: je, Kifungo ataweza? Kama hataweza, sharti la Shangazi limevunjika. Na Shangazi hakuwa mtu wa kukisia wakati kipimo kipo. Akampigia simu mkuu mpya wa ghala, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, akamwomba chumba cha ndani kwa dakika sita, Jumapili, siku isiyo na upakiaji.

Tulifika kumi na tisa, kwenye basi dogo la kukodi. Kupatikana sote kwa siku hiyo kulimgharimu kila mtu kubadilishana zamu na nusu ya wafanyakazi wenzake. Akina mama walikuwa wamewafunga watoto kama vifurushi. Mtoto mmoja wa Dereva alikuwa amevalishwa masweta manne, mikono haishuki, anatembea kama kunguru anayekausha mabawa. Shangazi alimtazama akacheka, kisha akaanza kumvua.

"Mama! Ataganda!" mkwewe alishtuka.

"Ataganda kwa haya masweta. Mguse mgongoni. Umeona? Ameshalowa jasho na hatujaingia. Baridi haina haraka na mtu mkavu, mwanangu. Inamtafuta aliyelowa."

Akawavua wote, akawafuta kwa taulo, akawavalisha upya kwa mpangilio wake: nyepesi ndani, sufi katikati, koti la ghala juu. Kisha akatugawa. Watu wazima tisa kila mmoja akapewa mtoto asiye wake, maana, alisema, mzazi humtazama mwanawe kwa moyo na hapa panatakiwa macho. Mimi nikapewa Kifungo. Yeye akasimama katikati na saa yake ndogo ya kupimia muda, yenye kitufe kidogo ambacho hakikubonyezeka ukiwa na glovu. Akavua glovu ya mkono wa kulia.

Mkuu wa ghala alikuwa amezima feni za ndani. Mlango ulifunguka, ukungu ukatambaa miguuni, tukaingia.

Kwanza palikuwa na kimya. Kisha Kifungo akapuliza, akaona pumzi yake, akapiga kelele, "Natoa moshi kama lori la Mjomba!" Watoto wote tisa wakaanza kutoa moshi. Dakika ya pili walishindana nani ana moshi mrefu. Dakika ya tatu Dereva, mtu wa kilo mia, alianza kurukaruka mguu huu na huu. "Jamani, mimi siogopi baridi," alisema, meno yakigongana, "ila nimekumbuka nimeacha kitu kwenye basi." Dakika ya nne mashavu ya Kifungo yalikuwa mekundu, pua kavu, macho yanang'aa. Nilimtazama masikio kama nilivyoagizwa, nikaona fahari ndogo ikinipanda, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Angeweza. Sote tulikuwa tunawatazama watoto.

Kifungo ndiye aliyekuwa anatazama kwingine. Alikuwa ameuachia mkono wangu akaushika wa bibi yake, ule usio na glovu.

"Bibi," alisema, "vidole vyako vimekuwa chaki."

Shangazi aliuvuta mkono haraka akautia mfukoni. "Ni hizi taa."

Lakini nilikuwa nimeona. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe pe, kutoka kwenye kucha hadi kiungo cha pili, kana kwamba si vyake. Nilifungua mdomo, na sikujua niseme nini kwa mwanamke yule, ndani ya chumba kile. Kifungo alijua. Alikuwa amefundishwa neno hilo robo saa iliyopita, na kwake lilikuwa bado jipya.

"Imemfika Bibi!" alipaza sauti. "Jamani, imemfika Bibi!"

Tukatoka.

Koridoni mkuu wa ghala alikuwa tayari na beseni la maji ya vuguvugu. Aliliweka mbele ya Shangazi, akapiga magoti, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, bado tu?"

Hilo neno "bado" lilitufungua macho. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi miaka minne kabla ya kustaafu. Daktari alimwambia aachane na baridi. Yeye akahamia kwenye makaratasi na kumwapisha kijana huyu asiseme. Alimficha mwajiri, akatuficha na sisi.

Dereva hakutania tena. "Kwa hiyo kwenye ile boti ya mpira, saa nzima na nusu, ungefanyaje?"

"Ningeweka mkono mfukoni."

"Na ungenyamaza."

"Ningenyamaza. Nimeshanyamazia makubwa kuliko hilo."

"Mama," alisema Dereva, "kundi linatoka na nani?"

Shangazi alitoa mkono kwenye maji, akaufuta kidole kimoja kimoja. "Usinifundishe kazi yangu," alisema. Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa kwenye basi kiti cha mbele.

Siku tatu hakupokea simu. Watoto wake walikutana kwangu na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka tuende nchi ya joto, tumalize maneno. Mwingine alisema Mama asafiri nasi, siku ya kushuka akae ndani, atutazame kwa dirisha. Dereva alikuwa ameshika kijitabu cha meli kubwa, ila hakukifungua. Naona sote tulielewa kwamba mtu tuliyehofia hawezi alikuwa anaweza, na asiyeweza ndiye aliyetupangia safari. Tungeshuka kumi na wanane, na safari ingekuwa kama picha zetu nyingine zote, daima mtu mmoja hayumo.

Siku ya nne nilikwenda kwake. Nilimkuta sebuleni, mikono mapajani, redio imezimwa.

"Unajua kilichoniuma?" alisema kabla sijakaa. "Siyo vidole. Wala siyo yule mtoto, yule alifanya kazi yake. Nimejipanga peke yangu. Tulikuwa kumi na tisa, nikagawa watu wawili wawili, nikajiacha mimi bila wa kunitazama. Kijana wa zamu yangu angefanya hivyo ningemrudisha nyumbani siku hiyohiyo."

"Ulikuwa unashika saa, Shangazi."

"Usinitafutie sababu. Miaka yote nilishika saa mwenyewe." Nje mtu alikuwa anapigilia bati. "Nilidhani kiongozi hafikiwi. Ujinga gani huo, na uzee huu." Kisha akanyoosha mkono, ule ule. "Lete vile vitabu. Tunaanza upya. Safari hii mwembamba ni mimi."

Katika maisha yangu nimeona watu wakipokea vyeo, na nilikuwapo hata mimi nilipopewa shahada. Sijaona jambo lililonifanya nimheshimu mtu kama lile: mwanamke wa miaka sitini na sita akijiweka kwa hiari kwenye nafasi ya mdhaifu, kisha akiipigia hesabu nafasi hiyo kwa umakini uleule aliowapa wengine.

Maswali yalibadilika. Kutoka mlango wa meli hadi theluji ni hatua ngapi? Ngazi ina kishikio cha chuma au cha mbao? Ukigeuka kurudi, unapata chumba chenye joto baada ya dakika ngapi, na chumba hicho kina benchi? Meli kubwa ilishindwa swali la kwanza, kwa sababu ya mabasi. Ndogo ilishindwa la tatu, kwa sababu ya boti. Binti wa kucha nzuri alikuwa anaviweka vijitabu pembeni kimoja kimoja kama mtu anayefua, hadi kikabaki kile chembamba.

"Bi mkubwa, hii nitakuwa nakudanganya nikiisifu. Haina bwawa. Haina sinema. Inatia nanga kila mji mdogo kushusha mizigo. Inabeba hata samaki."

Shangazi aliinua uso. "Samaki wabichi au waliogandishwa?"

"Waliogandishwa, nadhani."

"Nyuzi ngapi?"

Binti akaandika barua pepe. Jibu lilikuja kesho yake: kumi na nane chini ya sifuri. Shangazi alilisoma mara mbili, akavua miwani. "Basi hao ni watu wenye akili," alisema. "Sasa waulize hatua."

Hatua zilikuwa ishirini na mbili. Meli inafungwa gatini, ngazi inashushwa, na theluji inaanzia mguu wa ngazi. Umri wowote. Mlango unabaki wazi, na nyuma ya mlango kuna chumba chenye mabomba ya moto ukutani ambapo mabaharia huanika, naam, glovu.

Watoto wa Dereva walililia mabomba ya kuteleza kwa jioni mbili. Dereva aliwaambia waache kelele, meli hii wataona winchi ikibeba lori zima, na kwa namna alivyolieleza jambo hilo mwisho walilala wakibishana kuhusu winchi. Muuguzi aliandika ombi la likizo. Kila mtu aliandika ombi la likizo. Lililochukua miezi mingi kuliko visa na makoti lilikuwa hilo: kupata siku kumi ambazo waajiri saba wangewaachia watu wao kwa pamoja.

Tulikwenda. Nitasimulia mji mmoja tu, wa siku ya nne, wenye nyumba za mbao na taa zilizowashwa saa tisa mchana kwa sababu jua lilikuwa limeshaaga. Koridoni kabla ya kushuka alitupanga: wawili wawili, na kundi moja la watatu. Hilo la watatu lilikuwa yeye, mimi na Kifungo. "Wewe tazama masikio," alimwambia mjukuu. "Na vidole?" Kifungo aliuliza. "Na vidole."

Alishuka wa mwisho, akishika kishikio cha mbao. Hatua ya ishirini na mbili aliikanyaga kwa mguu wa kulia, akasimama. Palikuwa kimya. Theluji ilikuwa imefunika mapipa, kamba, paa la kibanda cha mizigo, na hapakuwa na sauti ya mtambo wowote. Alielekeza sikio moja, kisha la pili.

"Haingurumi," alisema. "Jamani, haingurumi kabisa."

Watoto walikuwa tayari wamesambaa. Dereva aliteleza akaanguka chali, akabaki hapohapo anachekwa na watoto tisa, wa kwake na wa wenzake. Muuguzi alikuwa akionja theluji kwa ncha ya ulimi kama chumvi. Mimi nilisimama tu. Mimi ni mtu ambaye furaha ikimjia huigeuzageuza kwanza kama anatafuta ilipopasuka. Siku hiyo niliigeuza na sikuona ufa. Niliwahesabu. Kisha nikawahesabu tena, kwa raha ya kuhesabu.

Zilipita dakika kumi na moja. Shangazi alitoa mkono kwenye koti, akautazama, akamwonyesha Kifungo, wakashauriana wawili hao kwa macho. Kisha akainua kidevu na kusema kwa sauti ya msimamizi wa zamu, sauti iliyofika hadi mwisho wa gati:

"Imenifika!"

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amelisikia neno hilo kutoka kwa wengine. Sijui kama aliwahi kulitamka. Wajukuu waliacha mabonge ya theluji mikononi mwao yaanguke. Mkubwa wao, mvulana wa miaka kumi na mitano ambaye huwezi kumwambia kitu mara moja akasikia, aliokota kofia yake na kugeuka. Dereva aliinuka, akajikung'uta. Hakuna aliyesema "bado kidogo." Tulipanda ngazi sote, yeye mbele, na mabaharia waliokuwa wakipakia makasha wakasimama kutupisha, wakadhani labda ni mtu mkubwa kwao huko tulikotoka. Sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Tulishuka hivyo katika miji sita. Mara moja alikuwa Dereva aliyesema neno lile, mara moja mimi.

Aliishi mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya kurudi. Moyo ndio ulimsumbua, taratibu, bila makelele. Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa alasiri ya mvua. Amelala kwenye kochi, mto chini ya miguu. Jirani mmoja, mama mwenye maneno mengi, alikuwa amekuja kumjulia hali, akawa anamwuliza kama ni kweli tulikwenda huko kwenye barafu, au ni hadithi za watoto tu. Nilitoa simu yangu, nikaanza kumtafutia jirani picha. Ya kwanza niliyoipata ilikuwa nzuri: meli imesimama gatini, taa zake zinawaka majini. Nikamwelekezea.

Shangazi aliinua kichwa kidogo kutazama ninachoonyesha, akatikisa mkono.

"Siyo hiyo ya meli," aliniambia. "Mwonyeshe ile tuliomo sote."